Alichosema Mke Mlangoni

Sogea karibu. Hadithi hii haikuzuii kazi. Unaweza kuisikiliza huku ukimenya vitunguu, na machozi yakija utakuwa na cha kusingizia.

Ni habari ya mwanamke aliyeanza kujifunza kutunga hadithi akiwa na miaka hamsini na minane. Hakuanza kwa kupenda. Alianza kwa sababu mumewe alikuwa amefunga mdomo, na kulikuwa na kitu kimoja tu duniani cha kuufungua, nacho kilikuwa kimekwisha.

Mtaani walimwita Fundi. Alilelewa na shangazi yake, mshonaji asiyependa maneno, ambaye alimpa mkasi butu na rundo la magazeti ya zamani akamwambia, "Haribu karatasi kwanza. Kitambaa kina mwenyewe." Miaka miwili mtoto yule alikata magauni ya magazeti. Alipopewa kitambaa cha kwanza akaogopa kukikata, ndipo shangazi akamfundisha kupiga bandi: ule mshono wa mkono, mrefu, mlegevu, wa kushikiza nguo kabla haijapita kwenye cherehani. "Bandi haina aibu," shangazi alisema. "Ukikosea unavuta uzi, na hakuna aliyeona."

Mume alimpata kazini. Alikuja kijana mmoja mwembamba, amebeba suruali mkononi kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Mguu wa kushoto umezidi wa kulia," akasema, "kwa upana wa ukucha." Fundi akatandika suruali mezani, akapima. Ilikuwa kweli. Alikasirika wiki nzima, halafu akaolewa naye.

Kijana huyo alikuwa msomaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kuwinda makosa: vitabu vya shule, kadi za harusi, vibandiko vya chupa za dawa. Aliifanya kwa miaka thelathini na moja, na wenzake wakampa jina la Nukta, maana ikikosekana hata moja angeiona akiwa mlangoni. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Alisahihisha pakiti ya chumvi. Yeye alimwita mkewe Bibi Mkasi, na akiwa na furaha alimwita Bibi Mkasi wa Kwanza, kana kwamba kuna wa pili.

Alipostaafu alinunua daftari la jalada gumu. "Nimesoma makosa ya watu miaka thelathini na moja," akamwambia mkewe. "Sasa zamu yangu nifanye yangu."

Akaanza kuandika riwaya. Ilikuwa habari ya fundi wa saa aliyeondoka kwake asubuhi moja kwenda kununua kamani, ile springi ya ndani ya saa, akarudi baada ya miaka kumi na moja. Sura saba zilieleza huko alikozungukia. Mwisho wa sura ya saba akafika kwake, akabisha hodi. Na hapo Nukta akaandika: *Mkewe akafungua mlango. Akamtazama juu mpaka chini. Akasema:*

Akaweka nukta mbili, asiweze kuendelea. Miezi minane alikaa kila asubuhi mbele ya zile nukta mbili, anatafuna penseli. Siku moja aliuliza, "Bibi Mkasi, mwanamke huyu angesema nini?"

Fundi alikuwa anapindua kola ya shati. Hata kichwa hakuinua. "Angesema karibu ndani, chakula kipo."

"Hapana," mumewe akasema. "Hujafikiri."

"Nina kola sita hapa. Nifikiri kwa kichwa gani?"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho marefu. Wiki iliyofuata kiharusi kilimwangusha pale pale mezani. Alirudi kutoka hospitali na upande wa kulia umekufa, na ulimi hausemi hata neno moja. Nesi alisema anaelewa kila kitu. Fundi alitamani asingeambiwa hivyo. Mtu asiyeelewa unaweza kumlilia. Anayeelewa inabidi umchekee.

Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa duka. Cherehani ilitazama barabara, meza ya kukatia ikaegemea ukuta, na kitanda cha mgonjwa kikawekwa nyuma ya pazia la kupimia nguo, ili Fundi asikie akikoroma huku anashona. Mgonjwa akageuzia uso ukutani. Siku ya nne akafunga mdomo. Kijiko kikija anabana meno. Uji ukamwagika shingoni, ukaganda kwenye mto.

Nesi alikuja, akampima, akasema kwa sauti ya chini pale uani, "Mama, hivi haendi. Akiendelea kupungua itabidi alazwe, atiwe mpira puani wa kulishia."

Fundi aliujua mpira huo. Kaka yake Nukta alikufa na mpira huo puani baada ya miezi mitano, mikono imefungwa kitandani asiung'oe. Nukta alikuwa akienda kumwona kila Jumapili, na Jumapili ya mwisho alirudi akamshika mkewe bega: "Mimi usinifanyie vile. Niahidi." Akaahidi. Nani asingeahidi, wakati mtu mwenyewe ni mzima, anakula ndizi?

Basi akawa anampima kila asubuhi. Mizani hakuwa nayo, alikuwa na tepe. Alizungushia mkono ule mzima, juu ya kiwiko, akaandika katika daftari la vipimo vya wateja, kati ya mabega ya huyu na kiuno cha yule. Inchi tisa na nusu. Inchi tisa. Inchi tisa kasorobo.

Siku moja, kwa kukosa la kufanya, akachukua lile daftari la jalada gumu akaanza kumsomea hadithi yake mwenyewe. Alisoma polepole, akijikwaa, maana alitoka shule darasa la saba na tangu hapo alisoma namba tu. Katikati ya ukurasa wa pili mgonjwa akageuza kichwa. Mdomo ukafunguka kidogo, kama wa mtoto anayesikiliza. Fundi akaingiza kijiko. Akameza.

Hakujua acheke au alie. Akasoma tena, kijiko tena. Aya moja, vijiko viwili. Wiki tatu walikula sura saba, na mkono ukarudi inchi tisa. Halafu wakafika mlangoni. *Akasema:* Nukta mbili, na chini yake karatasi nyeupe.

Fundi akarudi sura ya kwanza. Mgonjwa akageukia ukuta. Akajaribu ya nne, ile ya kuchekesha. Ukuta. Alikuwa amekwisha kuisoma prufu ile. Hasomi mara mbili.

Sasa fikiria mwanamke huyo. Hajawahi kuandika barua ikazidi ukurasa. Asubuhi moja, kabla ya wateja, alikaa kwenye meza ya kukatia, akachukua karatasi ya kaki anayochorea vipande vya nguo, akaandika atakachosema mke. *Karibu nyumbani mume wangu mpenzi, nimekungoja kwa furaha isiyo na kifani, machozi yananibubujika kama mto.* Akapenda. Akaona kinafanana na vitabu. Akaenda kumsomea.

Mgonjwa akasikiliza mpaka mwisho. Akabana meno. Kwa ule mkono wa kushoto, ambao nesi alisema upewe penseli uchezee, akachorachora kwenye karatasi, akaisukuma ikaanguka.

Siku ya pili akaandika nyingine, na ya tatu nyingine. Katika moja mke alizimia. Katika nyingine aliimba. Katika moja hakusema kitu, akaanguka miguuni pa mumewe akabusu viatu, na hapo hata Fundi mwenyewe aliona haya kuisoma. Zote zilirudi na michoro kama minyoo, na kijiko hakikupita. Inchi nane na nusu.

Aliyekuja kumfumbua macho ni Mpanga Chapa, mzee aliyefanya kazi na Nukta kiwandani, akipanga herufi ambazo Nukta angekuja kuzilaumu. Alikaa na mgonjwa saa nzima, akimweleza nani kafa na nani kaoa tena. Alipotoka nyuma ya pazia alikuwa na karatasi ya kaki mkononi.

"Shemeji, haya kaandika nani?"

"Ya penseli nyeusi ni yangu. Nipe, ni upuuzi. Hiyo mingine ni yeye, anachora minyoo."

"Minyoo!" Mpanga Chapa alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, minyoo hii imenila mimi miaka ishirini na sita! Hebu njoo. Hapa, mstari halafu mkia umejiviringa: maana yake futa. Huu upinde: unganisha. Hiki kama kiti: anza aya mpya. Mtu wako hachezi. Yuko kazini."

Fundi akakaa chini.

"Na kuna alama nyingine?" akauliza. "Ya kusema vizuri?"

"Vizuri haina alama. Asipogusa ndiyo vizuri." Mzee akafikiri. "Ipo ya vitone. Neno likikatwa, kisha likaonekana lilikatwa kimakosa, unatia vitone chini yake, safu nzima. Maana yake: acha libaki lilivyokuwa. Lakini hiyo usiingojee kwake. Miaka yote ile sikumwona akitia vitone hata mara mbili. Akikata, kakata. Punda ana nafuu."

Kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti, kama mtu anayesafisha koo. Huenda ilikuwa kicheko.

"Mimi si mtu wa vitabu, shemeji," Fundi akasema. "Naandika kwa sababu nimekwama. Hata kumwonyesha naona aibu."

"Mficha uchi hazai," akajibu Mpanga Chapa, akavaa kofia yake akaenda.

Jioni ile Fundi alikusanya karatasi zote, akazitandaza mezani kama vipande vya koti. *Furaha isiyo na kifani*: futa. *Kama mto*: futa. Viatu kubusiwa: futa mara tatu, penseli karibu ipasue karatasi. Ila kulikuwa na sentensi moja katikati, aliyoiweka tu ili apate pa kuanzia: *Mlango ulikuwa unakwaruza chini, akauinua kidogo ndipo ukafunguka.* Hiyo haikuguswa.

Ulikuwa mlango wao. Ule pale, umekwaruza sakafu miaka kumi na tisa, na ukiuinua kidogo unafunguka.

Akaelewa nusu. Kesho yake aliandika mambo ya mlango tu: komeo lililolegea, alama ya duara sakafuni, ufagio ulioegemezwa nyuma yake. Mgonjwa akafungua mdomo. Vijiko vitatu. Fundi akashika kichwa kwa furaha, na kama ilivyo kwa wanaoanza, akafanya kosa la wanaoanza: akashona mfuko juu ya mfuko. Siku nne aliandika mlango. Rangi ya mlango, bawaba za mlango, fundi aliyeuchonga mlango na tabia za mkewe. Maana aliogopa kufika kwenye maneno yenyewe. Na zaidi ya hapo, kwa nini nisikwambie ukweli, aliogopa hadithi isije ikaisha na mtu wake akaisha nayo. Siku ya nne mgonjwa alipiga mstari mmoja tu, kutoka juu ya ukurasa mpaka chini, akaugeukia ukuta.

Inchi nane na robo.

Wifi yake akaja Jumamosi. Alikuwa dada mkubwa wa Nukta, mwanamke mrefu mwenye mkoba wa ngozi asioutua popote. Alimwona kaka yake mdogo alivyobaki mifupa, akatoka analia kwa hasira. Mezani akakuta karatasi.

"Hizi nini, wifi?"

"Namwandikia. Akisikiliza anakula."

"Anakula? Huyu niliyemwona ndiye anayekula?" Akaishika karatasi kwa ncha za vidole. "Mtu anakufa njaa, wewe unamwandikia habari za bawaba! Wifi, umechoka au umerukwa?"

"Nimechoka. Kurukwa bado."

"Jumatano ni siku ya kliniki. Nakuja na gari. Nesi akisema alazwe, atalazwa, atatiwa mpira, ataishi. Mimi kaka nimekwisha kuzika mmoja."

"Huyo mmoja ndiye aliyemfanya huyu aniapishe, wifi. Mpira hautaki."

"Alisema akiwa mzima. Mzima husema mengi." Akaubana mkoba kwapani. "Wewe una ahadi. Mimi nina ndugu mmoja tu aliyebaki. Jumatano."

Na hakuwa mtu mbaya, usimchukie. Alimwachia Fundi sabuni, mafuta na kanga mpya ya kumfunika mgonjwa, akaenda zake akijifuta pua.

Jumatatu alikuja Mwalimu, mteja wa miaka mingi, mwanamke mnene mwenye maneno ya kuuma bila kuacha alama. Alikuja kuchukua gauni lake la buluu. Akaingia nyuma ya kabati kulivaa, maana pazia lilikuwa na mgonjwa, akatoka mikono imemsimama mbele kama mtu anayesukuma toroli.

"Fundi," akasema kwa upole, "hili nivae nikiwa natembea kinyumenyume?"

Mikono ya gauni ilikuwa imebadilishwa: wa kulia kushoto, wa kushoto kulia. Miaka arobaini ya kazi, hajawahi. Fundi akaweka mkono mdomoni. "Mwalimu, nisamehe. Nilikuwa mlangoni."

"Mlango gani?"

"Basi tu. Vua nikupime upya."

Akamzungushia tepe kiunoni. Mwalimu akavuta tumbo ndani, kama wote wanavyofanya, akasimama bila kupumua, macho juu. Fundi akangoja. Ndiyo siri ya kazi yake hii: mtu akijua anapimwa hudanganya. Ukikata nguo kwa kipimo hicho, itampasukia akikaa. Kwa hiyo fundi anayejua hasomi tepe upesi. Anamuuliza mteja habari nyingine.

"Watoto wa shule hawajambo?"

"Aah, usiniulize! Jana mmoja kanitapikia daftari zote…" Na alipokuwa anaeleza daftari, tumbo likarudi mahali pake taratibu. Fundi akasoma tepe.

Akasimama hivyo hivyo, tepe mkononi.

Kumbe yule mke wa fundi wa saa alikuwa amevuta tumbo siku zote hizi. Karatasi zote alijua anatazamwa. Alizimia, aliimba, alibusu viatu, na hakupumua hata mara moja. Na aliyekuwa anambania pumzi si mwingine, ni Fundi mwenyewe, anayetaka aonekane mke mwema mbele ya mume anayesikiliza.

"Fundi? Umelala?"

"Inchi arobaini na mbili, Mwalimu."

"Arobaini na mbili! Tepe yako imenyauka hiyo."

Kujua ni jambo moja. Jumanne asubuhi tepe ilisema inchi nane kasorobo, na kesho yake ni gari la wifi. Fundi akapika uji mwepesi, akautia maziwa, akaupoza. Mgonjwa akabana meno. Akambembeleza. Akamwimbia. Akamsomea mlango, ule mzuri wa vijiko vitatu. Mwisho akajaribu kumbana mashavu kwa vidole viwili, kama anavyolishwa mtoto mkaidi, na Nukta akarusha ule mkono mzima, bakuli likaruka. Uji kwenye kanga mpya, uji ukutani, uji kwenye mguu wa cherehani, uji juu ya gauni la buluu la Mwalimu lililokuwa limetundikwa tayari.

Hakupiga kelele. Alichukua kitambaa akafuta. Alifuta ukuta, akafuta shingo ya mumewe, na wakati anamfuta akasikia ndani yake sauti yake mwenyewe, wazi kabisa, ikisema: *Mungu, mchukue basi. Mchukue nipumzike.*

Akasimama na kitambaa kinachotiririka. Ilikuwa si mara ya kwanza. Alijua hivyo sasa. Alikuwa akiisema sala hiyo kwa wiki nyingi, anapokoroga uji, anapofua mashuka, ila alikuwa akiisema kwa haraka na kuipindia ndani, kama pindo baya.

Akaenda kwenye meza ya kukatia. Hakufikiria Nukta wala kijiko wala Jumatano. Alikuwa na hasira na alitaka kukaa. Akavuta karatasi ya kaki, akaandika kama anayepiga bandi, mishono mirefu, asijali ya kupinda, na haya ndiyo yaliyotoka:

*Mkewe akafungua mlango. Akamtazama juu mpaka chini. Akasema: "Vua viatu, nimefagia." Akavitazama viatu. "Hivi si ulivyoondoka navyo. Nani kakununulia?" Yule bwana akataka kujibu. "Nyamaza. Hiyo kamani umeipata? Maana saa ilisimama, nikaiuza. Miaka mitano niliomba uwe hai. Iliyobaki niliomba uwe umekufa, nijue moja, nilale. Usinitazame hivyo. Niliomba kwa moyo wote, na kila nikimaliza kuomba nilikuwa naweka sahani yako. Sasa vua viatu."*

Akaisoma upya. Akachukua penseli akakata. *Iliyobaki niliomba uwe umekufa, nijue moja, nilale*: mstari mzito. *Niliomba kwa moyo wote*: mstari mwingine. Kikabaki kitu chenye mashimo, kama nguo iliyotobolewa na panya. Lakini wakati ulikuwa unakwenda, na hakuwa na kingine. Akachota uji uliobaki kwenye sufuria, umekwisha kupoa, akapita nyuma ya pazia, akakaa kwenye kiti chake.

Akasoma, akiruka pale alipokata.

Kwenye "nimefagia" mgonjwa aligeuza kichwa. Kwenye viatu akamtazama. "Miaka mitano niliomba uwe hai," Fundi akasoma, akaruka, "Usinitazame hivyo. Na kila nikimaliza kuomba…"

Nukta akagonga ubao wa kitanda.

"Nini, mzee?"

Akanyoosha mkono wa kushoto, vidole vimefunguka. Anataka karatasi. Fundi akaibana kifuani. Ungemwona ungedhani kakamatwa na kitu cha wizi. "Haijakamilika. Nitakusomea mimi. Kuna pengine nimekosea."

Mkono haukurudi. Ulikuwa unatetemeka hewani, mkono wa inchi nane kasorobo, na mtu aliyesikia shimo katika sentensi kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesikia shimo. Fundi akaona hana pa kukimbilia. Akampa.

Akaisoma. Ilimchukua muda mrefu, midomo inachezacheza upande mmoja. Fundi aliona macho yake yanafika kwenye mstari mzito, yanasimama. Penseli ilikata, lakini haikufunika. Herufi zote zilikuwa zinasomeka chini yake. Barabarani mtu alikuwa anauza ndoo, anazigonga. Fundi akatazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa anangoja afe kwa aibu, na alijua vizuri kwamba aliyekuwa anasoma pale hakuwa anasoma habari za mke wa fundi wa saa.

Nukta akachukua penseli.

Mwanzo Fundi alidhani mkono unamtetemeka tu. Penseli iligusa karatasi, ikainuka. Ikagusa, ikainuka. Ilikwenda hivyo polepole, ikipotea na kurudi, chini ya *niliomba uwe umekufa*, chini ya *nijue moja*, chini ya *nilale*. Alipofika mwisho wa mstari alipumzika, kijasho kinamtoka. Halafu akashuka kwenye *niliomba kwa moyo wote*, akaanza tena.

Vitone. Vimepinda, kimoja kimetoboa karatasi, vingine vimerukia mstari wa chini. Lakini vitone, safu nzima.

Fundi akajiinamia, paji la uso kwenye shuka lenye uji. Alilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya hospitali. Akasikia vidole kichwani, vinagonga mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Alipoinua uso, mumewe alikuwa anamtazama, mashavu yake nayo yamelowa, na mdomo uko wazi.

"Uji umepoa," akasema Fundi. "Ngoja niupashe."

Mdomo haukufungwa. Ulingoja. Basi akampa vivyo hivyo, wa baridi, na akasoma ukurasa wote upya bila kuruka neno, kijiko baada ya kijiko, mpaka sufuria ikakwanguliwa.

Hakujua kama nusu sufuria ya uji baridi itaonekana kwenye mizani ya kesho. Hakujua nesi atasema nini, wala atamwambia nini wifi pale garini. Mkono ulikuwa bado inchi nane kasorobo. Aliupima tena, kwa ujinga tu. Nukta aliuacha upimwe, halafu akaunyoosha, akaweka ncha ya penseli chini kabisa ya ukurasa, baada ya *Sasa vua viatu*, mahali palipokuwa hapana kitu, akapagonga. Akamtazama mkewe. Akapagonga tena.

Yule bwana alikuwa bado kasimama mlangoni na viatu vyake. Ilikuwa zamu yake kujibu.

Fundi akajifuta uso kwa kanga ya wifi, akaenda kuchukua karatasi nyingine.